Waliosogea Bila Kusema

"Nani amesogea?"

Afande aliuliza kutoka kiti cha nyuma cha mtumbwi.

"Hakuna aliyesogea, mpenzi," alijibu Nesi, mchumba wake, aliyekuwa kiti cha katikati.

"Upepo tu huo, Afande," Koplo akadakia kutoka mbele.

Upepo! Anadanganywa mtu aliyepoteza macho vitani, na ambaye kwa miaka mitano sasa anawapeleka ziwani watu wenye ulemavu, wasio na miguu, viziwi na vipofu wenzake. Kila mmoja humpangia kiti kwa uzito wake. Sheria ya klabu yake ni moja: ukitaka kusogea mtumbwini, sema kwanza "nasogea", la sivyo mtazama nyote. Kwa makalio yake tu, Afande angekwambia nani kakaa wapi. Na sasa pua ya mtumbwi ilikuwa imeinama, na makasia mawili yamenyamaza.

Harusi yao ilikuwa Jumamosi ijayo.

Alipiga kasia akifuata kengele ya gatini. Njiani ule uzito ukarudi katikati polepole, kama mwizi anayerudisha sufuria jikoni.

Gatini alikuwa akisubiri fundi cherehani, mwanamama wa kiti cha magurudumu, jaketi la kuelea kifuani. Ilikuwa siku yake ya kwanza majini. Huyu mama akianza kuongea humnyamazishi, lakini leo alikuwa kimya.

"Fundi."

"Abee, Afande."

"Mbona umemeza ulimi?"

"Usiniulize mimi, kaka yangu."

"Nakuuliza wewe. Umeona nini?"

Fundi akavuta pumzi.

"Nesi alihamia mbele kwa Koplo. Wakakumbatiana, wakabusiana, na wewe uko palepale nyuma yao."

"Mwongo!" Nesi akafoka. "Una wivu tu!"

"Wivu wa nini? Gauni lako la harusi nimelishona kwa mikono hii! Juzi tu nimekupunguzia kiuno!"

Koplo akakohoa.

"Afande, twende pembeni tuongee kiume."

"Ongea hapahapa. Tangu lini?"

"Tangu... mwaka jana."

Afande akashika nguzo ya gati. Mwaka mzima! Mwaka mzima anacheka nao, anakula nao, anawashukuru.

"Usisahau ni mimi niliyekutoa kwenye lile gari likiwaka kule vitani," Koplo akasema.

"Sijasahau. Kila siku nakuombea dua. Lakini ulinitoa motoni, hukuninunua."

Nesi akaangua kilio.

"Nilitaka kukwambia, mpenzi. Nilikuonea huruma."

"Huruma?"

Hilo neno lilimuuma kuliko busu lenyewe. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Ningeumia, ningelia, ningepona. Watu wote hapa nimewafundisha neno moja tu. Wewe likakushinda."

Akatoa simu yake ya vipofu, inayoandika na kusoma kwa sauti, akaisogeza mdomoni.

"Shangazi, waambie wageni harusi haipo. Mimi ni mzima."

Simu ikayarudia maneno yake kwa ile sauti yake kavu, neno kwa neno, gati zima likisikia. Kisha ikamalizia: "Ujumbe umetumwa."

Akaingia majini hadi magotini, akageukia ilikotoka sauti ya Fundi.

"Dada, bado unataka kwenda?"

"Leo hii? Na nani atakuongoza?"

"Wewe. Kushoto na kulia unavijua?"

"Mimi navijua! Ila ukinizamisha, wateja wangu watakutafuta."

Afande akacheka, machozi bado mashavuni. Akambeba, akamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mikanda vizuri, kisha akakaa nyuma na kushika kasia. Nesi akaja mbio, akaung'ang'ania ubavu wa mtumbwi.

"Mpenzi, subiri! Usiondoke hivi! Sema hata neno moja!"

Afande akaupapasa mkono wake, akautoa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nasogea," alisema, akausukuma mtumbwi kutoka gatini.