Mpini wa Mfupa

Asubuhi hiyo mpini wa kisu ulikuwa umekonda.

Si kukonda sana. Mtu mwingine asingejua. Lakini Nzioka alikuwa akibeba kisu cha kukunja katika mfuko wa kulia tangu siku aliyoanza kuvaa suruali ndefu, na kidole gumba chake kilijua kila kisu kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Upande mmoja wa mfupa ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, imejipanga sawasawa, kama alama za meno.

"Panya," akasema kwa sauti.

Hakukuwa na mtu wa kumjibu.

Huyu Nzioka wa Mitaboni alikuwa mchuuzi wa mbuzi, akiwatoa Kithyoko na Katangi, na kila soko alilopita alinunua kisu. Vya kukunja tu, vile vya wafua chuma wa zamani, mpini wa mfupa wa ng'ombe, wa mbuzi, hata wa ngamia. Wenzake waliweka pesa posta. Yeye aliweka visu kwenye mkebe wa biskuti, na kila asubuhi alichagua kimoja cha kutembea nacho, kama mwanamke anavyochagua leso. Na vilikuwa vikali, msibishane na mimi. Kimoja kingemnyoa mbuzi akiwa anatembea, na mbuzi asijue mpaka asikie baridi. Wapo watakaowaambia hadithi hii ilikwenda kwa njia nyingine. Hao waliambiwa na waongo.

Mkewe Syokau alizikwa kabla ya ile mvua ya El Nino. Mtoto wao wa pekee, Mutindi, alifanya kazi kiwandani Mavoko, akija Krismasi na sukari na haraka. Magoti yalipokataa safari za mbuzi, Nzioka akabaki na shamba dogo, na jioni akila ugali alivisimulia visu vyake habari za masoko. Hakuwa kichaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi katika nyumba isiyo na masikio.

Akatega mtego wa panya. Mtego haukushika kitu, na mpini ukazidi kupungua.

Jumapili, kanisani, mchungaji akasema watu wainamishe vichwa. Katika kimya kile ikasikika sauti: kru, kru, kru. Jirani yake Mutiso akafungua jicho moja.

"Nzioka," akanong'ona, "uko na panya mfukoni?"

"Nyamaza, watu wanaomba."

"Mimi nanyamaza. Ni suruali yako inakula."

Nzioka akaingiza mkono mfukoni. Kisu kilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa, na kikanuka, harufu ya kwato zikichomwa, mpaka akina mama wa kiti cha mbele wakaanza kugeuka. Akakikunjua pale pale chini ya kitabu cha nyimbo, chuma kikatoka nje. Sauti ikakatika. Mutiso aliona jirani yake amekunjua kisu kanisani, akasogea kando, na tangu siku hiyo hakukaa karibu naye tena.

Jioni hiyo Nzioka alikuwa mezani, jua halijazama vizuri, kisu kimekunjwa mfukoni, akijisemea jinsi beberu mmoja wa Kithyoko alivyomvuta mpaka mtoni. Kru, kru. Akaacha kusema. Nayo ikaacha kutafuna.

"Halafu?" ikauliza sauti.

Ilitoka chini, pajani. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa ya mtu mwenye chakula mdomoni.

Nzioka akaliacha tonge sahanini. Alitaka kukimbia, na nawaambia miguu ilishasimama. Lakini akimbilie kwa nani? Tangu mazishi, hilo "halafu" hakuna aliyewahi kumwambia. Akakaa tena polepole.

"Halafu," akasema, "beberu akaanguka majini."

Kitu kile kikacheka, kikaendelea kula.

Basi wakaishi hivyo. Mpini mmoja ukiisha, Nzioka alibeba kisu kingine. Hakuuliza ni nani, maana aliogopa kujibiwa. Mkebe ukawa unabaki na vyuma vitupu, vimelala kama samaki waliotolewa minofu, mpaka siku moja alipoingiza mkono akakuta hakuna mfupa hata mmoja. Hakuweza kutoka bila kisu, kwa hiyo akafunga chuma kitupu kwenye kitambaa, akakitia mfuko ule ule wa kulia, akaenda shambani.

Katikati ya matuta ya mahindi, mchana kweupe, akasikia kru, kru, na safari hii haikutoka kwenye kisu kwa sababu kisu hakikuwa na kitu cha kutafunwa, ilitoka ndani zaidi, chini ya nyama, na hakukuwa na maumivu, hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kulikuwa na baridi tu iliyopanda kutoka gotini kuelekea nyonga taratibu kama mtu anayekula bila haraka kwa kuwa anajua sahani ni yake peke yake, na Nzioka akasimama na jembe mkononi akinong'ona, "Niachie huo, tafadhali, huo ni wangu," na sauti ile yenye chakula mdomoni ikamjibu kwa upole, "Endelea kusimulia."

Mutindi alipokuja alimkuta baba yake anatembea kwa kushika kuta.

"Baba, umeanguka?"

"Ni uzee."

"Uzee wa mguu mmoja?"

Akampeleka hospitalini Machakos. Daktari akainua picha ya mfupa dirishani, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Mfupa wa paja ulikuwa umeliwa upande wa nje, umekuwa mwembamba kama kijiti cha muhogo.

"Mzee," akauliza kwa sauti ya chini, "umewahi kuumwa na mbwa?"

"Hapana."

"Alama hizi zinafanana na za meno." Akaishusha picha, kana kwamba hakutaka kuendelea kuiona. "Ukivunjika hapa, hutasimama tena."

Mutindi alikuwa Mkristo wa kweli, lakini alikuwa binti wa kweli zaidi. Nyuma ya soko kulikuwa na mama mmoja wa asili ya pwani, Bi Habiba, aliyeuza udi na kaimati na aliyejulikana kwa kusomea watu. Wakaingia kwake. Nzioka akasema yote, isipokuwa jinsi alivyokuwa akingoja jioni.

Bi Habiba aliomba kukiona kisu. Hakukishika. Alimwambia akiweke sakafuni.

"Baba yangu, mifupa ni chakula cha majini. Chuma wanakiogopa. Sasa wewe umetembea miaka yote na sahani na fimbo katika kitu kimoja. Ukikikunjua, fimbo iko nje, anatulia. Ukikikunja, fimbo inajificha ndani ya sahani, naye anakaribia. Ulipokifunga kitambaani, fimbo ilijificha vilevile, na sahani ukawa wewe."

"Mbona hakuja zamani?" Mutindi akanong'ona.

"Zamani kulikuwa na watu nyumbani." Bi Habiba akamtazama mzee. "Ulikuwa unaongea naye?"

Nzioka akatazama sakafu.

"Kidogo," akasema.

Walifika Mitaboni saa ya mchana. Bi Habiba alivitoa mkebeni vyuma vyote vya visu akavipanga kwenye kizingiti, ncha zikitazama nje. Mfupa mkubwa wa ng'ombe, walioununua njiani, aliubeba mwenyewe mpaka kwenye korongo lisilo na nyumba, akauacha huko, akarudi akisoma kwa sauti ya chini, udi ukifuka mkononi. Alipofika mlangoni, harufu ya kwato zilizochomwa ikatoka chumbani, ikapita kati yao wote watatu ikiwa na joto la pumzi, ikasita mbele ya vile visu, na mbuzi wa Mutiso ng'ambo ya ua wakalia kwa pamoja, kisha ikaruka kizingiti na kushuka upande wa korongo, majani yakilala njia nzima.

"Amekwenda," akasema Bi Habiba. "Weka mipini ya mti. Mti hana haja nao. Mfupa usiingie mfukoni mwako tena, baba. Kilicholiwa hakirudi. Lakini mguu wa pili ni mzima, na kwa huo mmoja na mkongojo utaishi."

"Twende Mavoko, Baba," Mutindi akasema.

"Kwako ni chumba kimoja. Nitalala wapi, juu ya jiko?"

Mutindi akacheka, akalia kidogo, akapanda gari kurudi kazini.

Fundi akaweka mipini ya mti, mizuri. Nzioka akawa anakula ugali wake kwa amani. Akisimulia habari ya beberu mpaka mwisho, kimya. Akianza ya Katangi, kimya. Kikohozi chake mwenyewe kilikuwa kinamshtua. Krismasi ikapita; Mutindi alikuwa na zamu kiwandani, akatuma sukari kwa mtu.

Siku moja akaenda buchani na mkongojo wake.

"Nikupimie nyama gani, mzee?"

"Mfupa tu."

"Wa supu?"

"Wa kitu kingine."

Akausugua kwa tupa, akautoboa, akaufunga kwenye kisu alichokipenda kuliko vyote. Mezani akapakua ugali, akakikunja kisu, akakitia mfuko wa kulia, akangoja. Jua likateremka. Harufu ikaja kwanza. Kisha, polepole kama mgeni asiye na hakika kama bado anatakiwa: kru.

Nzioka akajifuta macho. Akakitoa kisu mfuko wa kulia, kwa maana mguu ule haukuwa umebaki na kitu cha kumkaribishia mtu. Akakitia wa kushoto.