Kompyuta ya Chumba cha Nyuma

Nyumba ya Zuena pale Makambako haikosi watu. Ukipita asubuhi utakuta madereva wanakunywa chai. Ukipita jioni utakuta majirani wanakunywa chai ile ile, ila umbea ni mpya. Mume wake, Halfan, hubeba viazi kwa lori lake la Fuso kutoka Iwawa, Makete, kupeleka Dar es Salaam. Zuena anauza vitenge sokoni. Mtoto wao ni mmoja tu, Salha, mwenye miaka kumi na miwili.

Wakati kisa hiki kinatokea, kila kitu kilikuwa kinauzwa barabarani. Zamani simu ilikuwa ya ofisi moja ya serikali. Sasa kampuni zilikuwa nyingi, na vijana walitembeza modemu za intaneti kama wauza karanga. Halfan akanunua kompyuta iliyotumika, akanunua na modemu.

"Mtoto asome," alisema.

Lakini waiweke wapi? Sebuleni kuna wageni. Mmoja ataweka kikombe juu yake, mwingine ataomba aone matokeo ya mpira. Basi wakaiweka chumba cha nyuma, anakolala Salha. Halfan akaifunga kwa namba ya siri, ili Salha aitumie mzazi akiwepo tu. Akaondoka na viazi vyake akiwa na amani.

Zuena hakuwa na amani. Salha alikuwa amebadilika. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Akiitwa, alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Zuena alikuwa akipima kitenge sokoni, anakosea, anapima tena. Usiku upepo ukigonga bati, anaamka kwenda kumwangalia mtoto. Anamkuta amejifunika hadi kichwani.

Alhamisi jioni Ashura akaingia. Ashura anauza vitumbua stendi, na hakuna habari ya stendi isiyopitia kwake.

"Shoga, kaa chini nikwambie."

"Sema tu. Kukaa siwezi."

"Binti yako leo kaja stendi na sare zake. Kamuuliza konda, basi la kwanza la Njombe Jumamosi linaondoka saa ngapi."

"Salha wangu?"

"Kwani mtaa huu una Salha wangapi wenye pengo mbele?"

Zuena alikwenda mbio chumba cha nyuma. Kompyuta ilikuwa inawaka. Salha alikuwa mbele yake, anaandika.

"Umeifunguaje?"

Salha akafunika kioo kwa viganja.

"Nakuuliza, umeifunguaje? Naitupa hii! Naitupa barabarani malori yaikanyage!"

Sauti ilivuka ukuta. Upande wa pili anaishi Telesia, Mkinga wa Makete, anayefundisha watu kompyuta hapo mjini. Telesia hucheka kwa nguvu, na hana desturi ya kupiga hodi mara mbili.

"Kamwene, jamani!" alisalimia akiwa ameshaingia. "Nani anauawa?"

"Kompyuta," alijibu Ashura.

"Mama Salha, iache kwanza. Ukiitupa hii atakwenda kwa rafiki yake, na huko wewe hutakuwepo. Tumsikilize mtoto."

Zuena akakaa kitandani. Akasimama. Akakaa tena.

"Haya, mwanangu. Sikupigi. Njombe kuna nini?"

Salha akaanza kulia. "Kuna rafiki yangu, Jeni. Yuko darasa la saba. Tunaandikiana kila siku. Yeye ananisikiliza. Hapa nyumbani kila mtu anaongea, mimi naambiwa tu, Salha, leta vikombe."

Zuena akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Sauti ya huyo Jeni umewahi kuisikia?" aliuliza Telesia.

"Anasema simu yake mbovu."

"Na uso?"

"Alituma picha."

"Picha hata mimi naweza kukutumia ya bibi harusi wa Kihindi, nikasema ni mimi. Amekuomba nini?"

"Aliomba picha yangu na jina la shule. Halafu akasema nisimwambie mama, eti wakubwa huharibu urafiki. Jumamosi mjomba wake atanipokea stendi ya Njombe."

Zuena akamvuta mtoto karibu. Hata Ashura akasogea.

"Salha, hujakosa wewe," alisema Telesia taratibu. "Aliyekosa ni huyo anayedanganya. Huyo Jeni anaweza kuwa mtu mzima kabisa. Mtu akimwambia mtoto 'usimwambie mama', mkimbie. Awe Jeni, awe mjomba, awe nani. Sasa usimjibu, na usifute neno. Kesho tunapeleka haya polisi."

Zuena akampigia Halfan. Halfan alipiga kelele hadi simu ikatetemeka. "Mbona niliifunga!"

"Kwa namba gani, shemeji?" aliuliza Telesia.

"Ya Fuso! Namba gani nyingine nitaikumbuka?"

Madereva waliokuwa wakinywa chai sebuleni walisikia wakaangua kicheko. Alois, fundi wa magari, akaita kutoka huko huko:

"Baba Salha! Namba hiyo imeandikwa mbele, imeandikwa nyuma, na watoto wanaiimba kila ukiingia mtaani. Hata mbuzi wa hapa wanaijua!"

Polisi walichukua maelezo. Wakasema mzazi mwingine wa Njombe naye alikuwa amepeleka jina hilo hilo la Jeni. Jumamosi Salha hakwenda popote. Alishinda sokoni na mama yake, na kila basi lilipopiga honi, Zuena alimshika mkono.

Halfan aliporudi, Telesia akaitwa.

"Kwanza itoke huku," alisema. Wakaibeba hadi sebuleni, kioo kikitazama watu.

"Wageni je?" aliuliza Halfan.

"Wageni ndio walinzi wako. Vikombe viwekwe mbali, basi."

Kisha akawaonyesha. "Kompyuta moja inaweza kuwa na milango miwili. Mmoja ni wa wazazi. Wa pili ni wa Salha. Kwenye mlango wake tunaweka saa za kutumia, zikiisha inajifunga yenyewe. Tunaweka na kichujio cha kuzuia kurasa mbaya. Na yeye hawezi kubadilisha chochote bila namba yenu ya siri."

"Nitaweka mwaka niliozaliwa," alisema Halfan.

"Shemeji!"

"Haya, haya."

Alichagua maneno na tarakimu ambazo ni yeye na Zuena tu waliozijua. Salha naye aliulizwa saa anazotaka. Akachagua baada ya kumaliza kazi za shule. Zikiisha, modemu inachomolewa, mama anakaa nayo.

"Sasa nitalala," alisema Zuena.

"Lala, lakini usisinzie," alisema Telesia. "Kichujio kama chekeche, mchanga mwingine unapita. Kufuli linakusaidia. Kumsikiliza mtoto hakuna mashine itakayokufanyia. Mwulize kila siku ameona nini, na akikwambia baya, usimpigie kelele. Ukipiga kelele, kesho hatakwambia."

Zuena alijaribu. Hakikuwa kitu rahisi. Mara nyingine alimwuliza Salha huku macho yakiwa kwa mgeni, Salha akanyamaza. Ndipo akajifunza kukaa karibu naye, maji yakichemka na yachemke.

Jioni moja sebule ilijaa. Watu walikuwa wanabishana habari ya barabara ya Ipelele kule Makete, nani amekwama kwenye tope. Salha yuko kwenye kompyuta. Ghafla akaita kwa sauti:

"Mama! Njoo uone. Kuna mtu simjui anataka urafiki."

Zuena akaacha birika. Ashura akainuka na kitumbua mkononi. Alois akanyoosha shingo. Halfan akaja, Telesia naye akaja.

"Anasemaje?" aliuliza Zuena.

Salha akasoma. "Anasema iwe siri yetu. Nisimwambie mtu."

Akageuka. Wote walikuwa wamesimama nyuma yake, wamebanana. Salha akacheka hadi pengo likaonekana, akabonyeza pa kukataa.

Zuena akamshika bega. "Kaa hapo hapo, mwanangu. Leo vikombe naleta mimi."