Chumba Alichokisifu Chiriku

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kufuatana na mjomba wake kwenda kuonyesha watu vyumba vya kupanga. Jina hilo la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Jamani, mtoto yule aliongea! Aliongea akila, aliongea akifagia, na mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alisema hata usingizini alikuwa akimalizia habari za mchana. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu, lakini maneno yake yalikuwa ya mtu wa arobaini.

Mjomba alikuwa dalali. Mtaani walimwita Funguo, maana kiunoni alining'iniza rundo la funguo zilizolia njia nzima, ukamsikia kabla hujamwona. Chiriku alimpenda mjomba wake, tena si kidogo. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali siku alipovunjika mkono, huku akimsimulia vichekesho ili asilie. Walipofika, aliyelia alikuwa mjomba mwenyewe.

Kazi ya mjomba ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye shida ya chumba alilipa kwanza ada ya kuonyeshwa, ndipo akaonyeshwa. Apende asipende, apate asipate, ada hairudi.

"Natembea tangu asubuhi, mpwa wangu," mjomba alimweleza siku moja. "Viatu vinaisha, miguu inavimba. Nani atanilipa?"

Chiriku aliona ni haki kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi yake humo ndani, nayo ilikuwa kusifu. Mjomba akimkonyeza, Chiriku alianza kumwaga maneno, na wateja walicheka, wakalegea. Jioni alinunuliwa soda.

Jumamosi moja mteja alikuwa mtu aliyemfahamu. Alikuwa mzee fundi viatu anayekaa chini ya mwavuli nje ya duka la madaftari, karibu na shule. Mguu wake mmoja ulikuwa mkavu tangu utotoni, kwa hiyo alitembea kwa magongo mawili. Wanafunzi wote walimwita Fundi, na hakuna kiatu cha shule ile ambacho hakikupita mikononi mwake.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, Chiriku wangu. Kumbe na wewe ni dalali? Basi leo nimekwisha!"

Wakacheka. Lakini njiani Fundi alieleza shida yake, na shida yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Nyumba aliyopanga ilikuwa inabomolewa, na wapangaji walikuwa wamebakiza siku kumi tu za kuhama. Vyumba vingi alivyoonyeshwa vilikuwa ghorofani, na yeye ngazi haziwezi. Huyu alikuwa dalali wa tano, na kila mmoja alikuwa amekula ada yake.

"Mimi nitakumalizia safari," mjomba alisema. "Nina chumba cha chini, hakina hata kidaraja kimoja cha kupanda."

Walipoingia kwenye nyumba ya geti la kijani, Chiriku alishtuka. Chumba hicho alikijua. Wiki mbili kabla, fundi umeme mmoja kijana alikuwa amekilipia kodi ya miezi sita, tena mbele ya macho yake, halafu akamwachia mjomba ufunguo ili kipakwe rangi kabla hajahamia. Rangi ilikuwa imekauka zamani. Ufunguo ulikuwa bado kiunoni kwa mjomba.

Fundi aliingia polepole. Alikipima chumba kwa gongo lake, akasema hapa kitanda, hapa sanduku la vifaa, hapa dirishani kiti chake. Uso ulimchangamka akawa kama kijana.

"Na maji je?" aliuliza.

Mjomba akamkonyeza Chiriku. Chiriku alikuwa ameona mara nyingi foleni ya ndoo nje ya geti lile. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kwenda wenyewe.

"Maji? Hayakatiki kabisa, Fundi! Na majirani ni wapole, utafikiri hawapo. Kama si mama yangu kunikataza, ningehamia mimi."

"Haya, basi, hiki kinanifaa," alisema Fundi, ambaye ada alikuwa ameshailipa kabla ya kuanza safari. Mjomba akamwambia mwenye nyumba amesafiri, asubiri simu.

Walipobaki wawili, Chiriku aliuliza, "Mjomba, si chumba cha yule fundi umeme?"

"Punguza sauti! Ndiyo, ni chake. Lakini hajahamia, sivyo? Mteja anaonyeshwa sampuli, anajua nina vyumba vizuri. Nikipata kingine nampigia."

"Na usipopata?"

"Kunywa soda yako," alisema mjomba.

Chiriku akanywa, lakini soda ya siku hiyo haikushuka vizuri.

Jumatano, mkanda wa kiatu chake ulikatika. Ilibidi apite kwa Fundi, ingawa siku zote nne hizo alikuwa akizunguka nyuma ya duka ili asionane naye. Fundi alikuwa anaimba. Alishona mkanda upesi upesi, na Chiriku alipotoa pesa, alimrudishia mkono.

"Hulipi kitu. Jana muuza magazeti ameniletea habari za chumba huko nyuma ya kiwanda cha mbao. Nikamwambia, ndugu yangu, mpe mwenye shida, mimi nimeshapata. Unajua nani kaniokoa? Wewe. Madalali siwaamini tena, wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mno. Lakini uliposema wewe, nikasema moyoni, mtoto huyu hawezi kunidanganya."

Chiriku alichukua kiatu chake akaondoka nacho mkononi, mguu mmoja peku, mpaka alipofika kona ndipo akakumbuka kukivaa.

Nyumbani alimkuta mjomba barazani. "Mjomba, Fundi ameacha kutafuta. Zimebaki siku sita tu. Mwambie leo."

"Ijumaa nitamwambia."

"Ijumaa zitabaki nne!"

"Chiriku, hayo ni mambo ya watu wazima. Nenda kasome."

Wakati wa kula hakusema neno. Mama alimgusa paji la uso. "Leo redio yetu imeharibika? Unaumwa?" Chiriku akatikisa kichwa. Hakuumwa, ila alijichukia. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa anaanza kumchukia mjomba pia, mtu aliyempenda namna ile.

Kesho yake, kengele ya mwisho ilipolia, hakusubiri rafiki zake. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya mwavuli, akasimama mbele ya Fundi na mkoba mgongoni.

"Fundi, kile chumba kina mtu. Kilikuwa kimelipiwa kabla hujaja."

Sindano ilisimama. "Mjomba wako alijua?"

"Alijua." Akakaza mikanda ya mkoba. "Na mimi nilijua. Na maji yanakatika. Watu wanapanga foleni na ndoo. Nilikudanganya, Fundi. Nisamehe."

Fundi hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alichomeka sindano kwenye kipande cha nta, akakunja mwavuli, akachukua magongo. Chiriku alimfuata nyuma mpaka kwa muuza magazeti. Yule bwana alisikitika sana. Chumba kile cha nyuma ya kiwanda cha mbao kilikuwa kimechukuliwa asubuhi hiyohiyo.

"Basi, mama," Fundi alimwambia Chiriku, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka tu. "Nenda nyumbani. Watakutafuta."

Chiriku alilia njia nzima. Alipofika, alisimama mlangoni akasema mbele ya wote, "Mjomba, nimemwambia Fundi."

Mjomba aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Umefanya nini? Unaniharibia jina! Mtaa mzima utasema Funguo ni tapeli! Mimi nakupeleka kila mahali, nakununulia soda, halafu unanikaanga hivi?"

Cherehani ya mama ikanyamaza. "Mwache aseme," mama alisema.

Chiriku akaeleza yote, akijifuta kwa mkono wa sare. Alieleza habari za chumba cha nyuma ya kiwanda na jinsi Fundi alivyokikataa. Alipofika kwenye yale maneno, mtoto huyu hawezi kunidanganya, alishindwa kuendelea.

Mjomba aliketi. Kisha akauliza taratibu, "Alisema hivyo? Kwamba aliamini kwa sababu yako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi mimi ndiye niliyekutumia wewe kumfunga macho yule mzee. Mtoto wa dada yangu! Dada, nipe radhi. Chiriku, usilie. Aliyepaswa kulia ni mimi." Na kweli alilia. Machozi ya mjomba, kama mjuavyo, hayakuwa mbali.

Hakungoja kupambazuke. Jioni ileile, jua likiwa bado lipo, alitoka akamfuata Fundi, akamrudishia ada yake, akamwomba msamaha mbele ya mwenye duka la madaftari. Fundi alipokea pesa, akasema "asante" moja kavu.

Ijumaa mjomba alizunguka kutwa nzima. Jumamosi Chiriku alimfuata. Safari hii hawakwenda kwenye vyumba anavyovijua kila dalali. Waligonga milango ya watu na kuuliza: mna stoo isiyotumika? Mna chumba cha uani kisichopangishwa? Wengine waliwafukuza. Bibi mmoja aliwasimulia ugonjwa wa paka wake saa nzima, kisha akasema hana chumba. Mchana ulikuwa umeshapinda walipofika kwa tarishi mstaafu, ambaye alikuwa na stoo kubwa inayotazama barabara, imejaa viti vibovu na mabati.

"Mkiweza kuitoa takataka hii, mleteni huyo mzee wenu apange," alisema tarishi. "Mimi mgongo haunisaidii."

Wakaitoa. Jumapili mjomba alikoroga saruji kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye alikuwa hagusi hata jembe, akajenga mteremko pale palipokuwa na kidaraja mlangoni. Chiriku alipaka chokaa ukutani, na nyingine akajipaka mwenyewe. Funguo alikuwa na malengelenge manne, akayaonyesha kwa kila aliyepita.

Jumatatu jioni, siku moja kabla ya nyumba ya zamani kubomolewa, Fundi alikuja. Alipanda mteremko kwa magongo, akasimama katikati ya chumba, akatazama juu, akatazama chini. Mjomba alifungua mdomo akaanza, "Chumba hiki, mzee wangu, ni cha..."

Fundi aliinua mkono akamzuia. "Wewe nyamaza. Nataka kusikia kwake." Akamgeukia Chiriku. "Niambie ubaya wake."

Chiriku alimtazama mjomba, na mjomba akatazama viatu vyake. Kama Fundi angekikataa, kesho vitu vyake vingekuwa barabarani.

"Ile kona inavuja mvua ikiwa kubwa," Chiriku alisema. "Mlango unakwama, lazima uusukume kwa bega. Choo ni cha kushirikiana na nyumba nzima. Na tarishi anafanya mazoezi ya tarumbeta kila alfajiri, Fundi, na hajui kuipiga."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aegemee ukuta, akachafuka chokaa bega zima.

"Nakichukua," alisema. "Sanduku langu nitaliweka mbali na ile kona. Ufunguo uko wapi?"

Mjomba alimkabidhi kwa mikono miwili. Fundi aliingiza mkono mfukoni ili alipe, lakini mjomba akarudi nyuma.

"Sitaki, mzee wangu. Na kuanzia leo simtozi mtu kabla hajashika ufunguo wa chumba chake. Atakayekaa ndiye atakayenilipa."

"Hilo ni neno," alisema Fundi. Akakaa kwenye kiti kimoja cha tarishi kilichosalimika, akawaita wote wawili karibu. "Sikilizeni niwaambie. Ile pesa haikuniuma sana, pesa nitashona viatu nitapata nyingine. Lakini mtu anayetafuta nyumba ukimdanganya, anaacha kutafuta. Umemnyang'anya siku zake, na siku hakuna wa kuzirudisha. Chiriku, Mungu amekupa mdomo unaoaminika. Watu wazima tunanunua imani ya watu kwa miaka, wewe umepewa bure. Usimwazime mtu, hata akiwa mjomba unayempenda."

"Sitamwazima, Fundi," alisema Chiriku.

"Wala mimi sitauomba tena," alisema mjomba.

Kisha wakatoka watatu kwenda kuchukua sanduku la vifaa, maana jua lilikuwa bado lipo, na Fundi alitaka kulala kwake siku hiyohiyo.