Vidole Vitatu Nyuma ya Volani

Hebu niambie: mtu mwenye akili timamu anatundika volani ukutani ili iweje? Volani ya gari, usukani wenyewe, umechomolewa, umesuguliwa, umepakwa vanishi na kuwekewa taa yake ndogo kama picha ya Bikira Maria. Nyumbani kwa Élisée Mathe, pale Kimemi, mtaa wa Butembo, ukuta mzima wa salon, sebule yake, ulikuwa hivyo. Mathe aliuza vipuri, na vipuri vilikuwa vimemtajirisha, lakini utajiri haukumtosha. Alitaka kuitwa collectionneur, mkusanyaji wa vitu vya zamani. Mgeni aliyeingia kuomba maji ya kunywa alitoka na somo zima kichwani, na maji wakati mwingine yalisahauliwa.

"Mwanzoni gari haikukuwa na volani," alianza daima. "Ilikuwa na kijiti ya kugeuza, sawa ile ya tshukudu."

Neno tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, alilipita haraka, kama mtu anayeruka matope na viatu vipya.

"Kisha bazungu bakaweka mbao, sababu chuma inashika baridi. Kisha bakélite, ile plastiki ya zamani. Unaona vile iko mukubwa? Zamani dreva alikuwa anapigana na gari kwa mabega, hakuna kitu ya kumusaidia. Na hii duara ya ndani ni ya honi, ili mukono isitoke kwa volani."

Utamu aliuacha mwisho. Chini ya volani, alisema, palikuwa na fimbo moja ya chuma iliyonyooka kuelekea kifua cha dreva. Gari likigonga, fimbo inakuwa mkuki. Siku hizi wanaitengeneza ijikunje. Hapo alimgonga mgeni kifuani kwa kidole, akacheka peke yake.

Malkia wa ukuta ilikuwa volani nyeusi ya lori, pana kama beseni la kufulia. "Hii ni ya babu yangu. Yeye njo aliendesha lori ya kwanza kutoka Beni mpaka huku." Wageni walitikisa vichwa kukubali. Butembo tunajua sana kutikisa vichwa mbele ya mtu mwenye stoo.

Keren, mke wake, ndiye aliyepangusa vumbi la volani hizo kila asubuhi, maana collectionneur hashiki kitambaa. Ndiye pia aliyeona jambo la kwanza. Chini ya ile nyeusi, juu ya zulia, kulikuwa na vipande vya mastic, ule ulimbo wa kuzibia mashimo, vyeusi, vina unyevu, kama kitu kilichotafunwa kikatemwa. Alifagia. Kesho yake vilikuwepo tena. Akapitisha mkono nyuma ya volani, pale vidole vya dreva vinapokaa, akagusa mashimo matatu yaliyolika, laini kama kijiko cha zamani. Shimo la kidole cha shahada halikuwepo. Hapo bakélite ilikuwa nzima, kama siku ilipotoka kiwandani.

"Ni mastic ya bei ya chini," Mathe alisema bila kuinua macho. Lakini mchana huohuo alifunga mlango wa salon, akayaziba mashimo kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hata balbu haibadilishi.

Kisha ikaja harufu: breki zilizoungua, na magunia ya kahawa yaliyolowa. Keren alifungua madirisha, akaosha zulia, akamtuhumu jirani. Kisha ikaja honi. Iliita saa ukungu unaposhuka kutoka milimani na Butembo nzima inakuwa rangi ya jivu, honi nyembamba, yenye kikohozi, kutoka katikati ya volani nyeusi isiyo na waya wala betri.

"Ni pikipiki inje," Mathe alisema.

Alasiri moja ya mvua, Bénite, mdogo wake Keren, ambaye ni muuguzi, alimkuta dada yake kwenye kiti cha salon, mgongo wima, mikono imetanuliwa mbele imeshika hewa. Vidole vilikuwa vimekunjwa vikali. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia peke yake kilikuwa kimenyooka, kama si chake.

"Yaya? Dada Keren, unafanya nini?"

"Tumetoka Beni," Keren alijibu kwa sauti ya mwanaume mzee mwenye mafua. "Lori ni muzito."

Mvua ilipokata, mikono ikafunguka. Keren hakukumbuka kitu. Viganja vyake vilikuwa vyeusi, na katikati ya kifua palikuwa na alama ya mviringo, nyekundu, kama mdomo wa kikombe.

Mvua iliyofuata, alisema: "Kalunguta. Nimesalimia batu bangu." Iliyofuata alipita Butembo yenyewe. Alama ya kifua ilikuwa imegeuka zambarau, na sasa alikohoa akiwa macho, akila, akisali.

Mathe akamleta mchungaji Gracien, mwenye tai ndefu na chupa ya mafuta. Gracien aliomba kwa Kifaransa, kwa sababu aliamini mashetani wanaogopa Kifaransa zaidi. Watu wa pwani wangesema ni jini. Gracien alisema ni roho ya uvivu ya wanawake. Honi ikalia nyuma ya sikio lake, mara moja, kwa adabu. Mtumishi wa Mungu akakumbuka ana mkutano.

"Shemeji," Bénite alinong'ona mlango ulipofungwa, "ile volani uliitoa wapi?"

"Nilishasema. Ya babu."

"Babu yako alikosaka kidole?"

Mathe akawasha taa zake ndogo, moja moja, kana kwamba hakusikia.

Bénite hakubishana. Alikwenda kanisani walipolala watu wa Kalunguta waliokimbia vita, akauliza kama kuna aliyemjua dreva wa zamani asiye na kidole cha shahada. Hakumaliza swali. Alirudi na Mama Jokébed, mwanamke mfupi wa kanga iliyopauka, aliyekataa kiti, akaenda moja kwa moja ukutani na kuingiza vidole vyake vitatu nyuma ya volani nyeusi. Mastic ilidondoka yote pamoja.

"Kasika," alisema polepole. "Bwana yangu. Kidole yake ilikatwa na courroie, ile mukanda ya moteur. Alikufa karibu na Alimbongo, kwa brouillard, ndani ya ukungu, ile chuma ikamuingia hapa." Akagusa kifua chake. "Badreva benzake bakatoa volani, bakaifunga na boulon, na bolti, kwa kaburi, pahali ya musalaba. Kwetu, familia ya badreva, njo tunafanyaka vile. Volani kwa kichwa, asikose njia. Kisha vita ikakuja, tukakimbia, kaburi ikabakia na majani tu."

"Volani zinafanana, mama," Mathe alisema. "Kiwanda inatoa mingi."

"Na mikono nayo inafanana?"

Nje, mvua ilianza kupiga mabati. Keren, aliyekuwa akimenya viazi jikoni, aliweka kisu chini, akaja, akaketi, akatanua mikono.

"Lubero imeisha," alisema. Ndiyo mji wa mwisho kabla ya Alimbongo.

"Anaendesha na mikono ya bibi yako sababu yake haina kitu ya kushika," Mama Jokébed alisema. "Akifika pahali alikufa, atakufa tena, na huyu mwanamuke atakuwa ndani. Mutu mwenye aliitoa aseme na kinywa yake, mbele ya Kasika. Mimi siwezi kusema pahali pako, papa."

"Niliinunua sokoni," Mathe alisema.

Volani nyeusi ikazunguka ukutani, robo duara, taratibu, kama inayokata kona.

"Donc, basi haikukuwa ya babu?" Bénite alisema.

"Hapana kuniuliza sasa, wewe mutoto."

Harufu ya breki iliingia, na nyuma yake ukungu wenyewe, ukipita chini ya mlango uliofungwa na kupanda juu ya zulia hadi magotini, na volani zote za ukutani, zile za mbao na zile nyeupe na zile za honi ya kung'aa alizozifundisha kwa miaka, zikaanza kugeuka pamoja, kushoto, kulia, kushoto, zikifuata mikono ya Keren ambaye mguu wake ulikuwa unakanyaga zulia, unakanyaga tena, ukitafuta breki isiyokuwepo, huku alama ya kifuani ikizama ndani kidogo kila alipovuta pumzi, kama kitu butu kinachosukumwa na mtu asiye na haraka.

"Alimbongo iko mbele," ile sauti ilisema. "Sioni njia."

"Élisée," Bénite alisema, na hakumwita shemeji. "Sema."

"Babu alisukuma tshukudu," Mathe alisema. Ilimtoka kama jino. "Ya makala, makaa ya kupikia. Maisha yake yote. Hakuendesha gari hata siku moja."

Mvua haikupungua. Keren alikohoa, na midomo yake ikawa na damu.

"Hiyo ni haya yako tu," Mama Jokébed alisema. "Kosa iko wapi?"

Mathe alipiga magoti ndani ya ukungu, na suruali yake nzuri, akashika mguu wa mkewe usioacha kukanyaga. Aliutazama ule ukuta wake. Hakuna aliyetikisa kichwa.

"Nilienda Kalunguta wakati batu bamekimbia," alisema, na mguu ukapunguza mwendo mikononi mwake. "Peke yangu, na clé, spana. Boulon ilikuwa na kutu, ikakataa." Kidole kilichonyooka cha Keren kikaanza kukunjika, kama chake tena, na alama ya kifuani ikaacha kuzama. "Donc nikapanda juu ya kaburi. Nikamukanyaga Kasika kwa kifua, na miguu mbili, nikavuta."