Pua ya Bibi wa Matombo

"Dada, naomba uso wako."

Mwanahawa aligeuka na nyanya mkononi. Soko kuu la Morogoro siku hiyo lilikuwa halipitiki, na huyu kijana mwenye shati lililotapakaa unga mweupe kaziba njia, anamkodolea macho.

"Uso wangu? Kwani wako umekuishia?"

"Wangu haufai kinyago. Lakini hiyo pua yako, lo!"

"Pua hii ni ya bibi yangu wa Matombo. Haiazimwi."

Ikaazimwa, pamoja na mwenyewe. Kijana aliitwa Twalibu, fundi wa vinyago vya kuvaa usoni, na mwaka haukuisha akamwoa. Wakapanga vyumba viwili Mafiga. Uani walifanya kazi pamoja: mke anakoroga unga mweupe wa jipsam, mume anachovya bandeji na kumbandika mteja usoni. Ikikauka wanaibandua, wanapata kalibu ya kutolea vinyago. Kalibu ya kwanza kabisa ilikuwa ya uso wa Mwanahawa. Twalibu aliitundika juu ya kitanda akaapa, "Wallahi, hii haitoki nyumba hii."

Kalibu ilibaki, uso ukatoka!

Ilikuwa harusi ya Pili, binamu ya Mwanahawa, kule Kingolwira. Mwanahawa kakaa mbele na dera lake la zambarau, kapendeza, wachekeshaji wakaingia. Mmoja, dume zima lililojaza mito matakoni, kavaa kinyago cha mke mgomvi, midomo myekundu pyu, mashavu ya njano. Chini ya rangi zote hizo, pua ni ile ile. Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi yake akamgusa kiwiko.

"Mwana, yule si wewe?"

Alitoka nje, akampigia mumewe simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, mpenzi wangu. Nakoroga jipsam."

"Tumbukiza kichwa humo humo!"

Alipofika hakusalimu mtu. Alivuta begi akaanza kusokomeza nguo.

"Nisikilize, Mwana," Twalibu alibembeleza. "Kalibu ya wale wachekeshaji ilipasuka, mvua hizi haikukauka. Nikatumia yako mara moja tu. Nilijua rangi itaficha."

"Rangi! Pua ya bibi yangu utaificha kwa rangi? Nimechekwa na ukoo mzima!"

"Mbona kwenu Uluguru mnataniana mpaka msibani?"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Mtani ana haki hiyo! Angenivaa mtani ningecheka, na kuku ningemtoza. Wewe si mtani wangu, Twalibu. Wewe ni mume wangu. Kazi yako ni kunisitiri! Narudi kwa mama."

Twalibu akaitungua ile kalibu ukutani, akaibamiza sakafuni. Ikawa vipande.

"Nimekosa. Nifanye nini usiondoke?"

Mwanahawa akamtazama weee. "Lala chali."

Akampaka mafuta ya mgando, akamchomeka mirija puani, akaanza kumbandika bandeji mbichi za jipsam. Anayebandikwa hatakiwi kutikisa hata mdomo mpaka ikauke, na Mwanahawa alilijua hilo vizuri. Akamwaga yote: kicheko cha ukumbi, kiapo, aibu, mapenzi aliyompa huyu mtu kwa moyo mweupe. Akasema mpaka akalia. Mkono wa Twalibu ukapapasa ukitafuta wake. Akaupiga kofi. Ukarudi tena. Akauacha ulipo.

Jipsam ilipokauka, akaibandua kwa mpigo mmoja.

"Mama yangu! Nyusi! Hukunipaka mafuta kwenye nyusi!"

"Nilisahau."

"Mwana."

"Sikusahau. Na kesho utakwenda sokoni hivyo hivyo, bila kofia. Nawe uonje."

Akaenda kweli. Mwanahawa alifuata nyuma na begi lake, hasira haijashuka, macho yake kwenye mgongo wa mumewe. Twalibu akapita katikati ya mafungu ya nyanya, uso mtupu kama yai, wala hakujifunika. Wauzaji wakavunjika mbavu. Stambuli wa vitunguu akapiga makofi.

"Jamani, fundi kanyonyolewa na nani?"

Kicheko kikapanda. Mwanahawa alikisubiri kimfurahishe. Hakikumfurahisha hata kidogo. Akajikuta kashatupa begi chini, kasimama mbele ya Stambuli, mikono kiunoni.

"Unacheka nini wewe? Hujawahi kuona mume wa mtu?"

Stambuli akainamia vitunguu vyake. Akamshika Twalibu mkono, kwa nguvu, bado kanuna.

"Beba hilo begi, turudi nyumbani. Na nguo zangu utazipanga mwenyewe."