Maji Aliyonyimwa Priscille

Kila asubuhi, kabla foleni ya maji haijarefuka, Geneviève aliweka bidoni, dumu lake la maji la njano, karibu na tangi, akakaa juu yake na kuanza kukariri. Nyuma yake aliketi Guelord, mwenzake wa mwaka wa sita wa sekondari, akiwa ameshika daftari la biolojia. Lilikuwa daftari moja kwa watu wawili. La Geneviève lilibaki nyumbani kwao, mtaa wa Mudzipela, mwezi wa Mei, siku ile risasi zilipoingia mtaani na kila mtu akabeba kilichokuwa karibu na mkono. Mama yake, Domitille, alibeba sufuria. Yeye alimbeba mdogo wake Priscille, mwenye miaka mitano.

Sasa waliishi chini ya plastiki karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, pamoja na maelfu ya wakimbizi wengine. Hakuna aliyejua mtihani wa taifa ungefanyika lini. Geneviève alikuwa amejiapia tu kwamba siku utakapotangazwa, utamkuta tayari.

“Osmozi,” Guelord akasema.

Geneviève akafumba macho, akaitoa yote kwa Kifaransa bila kumeza mate: maji hupita kwenye utando wa seli, yakitoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi.

“Umeruka neno moja. Prof Vital angekukata pointi mbili.”

“Prof iko anaosha ndoo za wagonjwa, weye unamuwazia pointi!”

“Hata na ndoo mu mukono, atakata.”

Watu wa foleni wakacheka. Ni kweli, Prof Vital, mwalimu wao wa biolojia, alifundisha hivyo. Alisoma somo polepole, wao wakaandika, na kwenye mtihani wakamrudishia neno kwa neno. Aliyetumia maneno yake mwenyewe alipoteza alama. Tangu shule ifungwe, alikuwa akisaidia kwenye hema la wagonjwa upande wa pili wa kambi.

Siku hiyo Geneviève aliporudi na maji, alimkuta Priscille amelala juu ya mkeka, akiharisha maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Ugonjwa huo ulikuwa kambini kwa wiki nzima. Kila siku kulipita watu wakibeba kitu kilichoviringishwa kwenye mkeka, na wote waliokutana nao waliwapisha njia kuelekea makaburini.

“Umufungie maji,” mama yake alisema. “Kila kile anakunywa kinapita tu. Tumbo ikikauka, itapona.”

Majirani walifanya vivyo hivyo, na Geneviève hakubisha. Hata yeye aliona ni jambo la akili. Akachukua kikombe mkononi mwa mtoto, akayarudisha maji ndani ya bidoni.

Kufika saa sita, kuhara kulikuwa kumepungua.

“Unaona?” mama akasema.

Geneviève akafurahi. Akakaa kando ya mdogo wake na kipande cha boksi la biskuti za msaada, ambacho juu yake alichora masomo yake kwa mkaa.

“Yaya, maji,” Priscille akamnong’oneza dada yake.

“Vumilia, mudogo wangu. Bado kidogo.”

Akaomba tena, na tena. Halafu akanyamaza. Walidhani amelala.

Alasiri Guelord alipita kumuuliza maswali mengine. Akasimama mlangoni, daftari kwapani, bila kusema utani wowote.

“Geneviève, macho ya mutoto ilikuwa hivi?”

Macho ya Priscille yalikuwa wazi nusu, yamezama. Geneviève akamfinya ngozi ya tumbo, kisha akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama pindo la kitambaa. Akatazama boksi lililokuwa magotini mwake. Juu yake alikuwa amechora seli iliyopoteza maji, imesinyaa na kujikunja. Aliichora mara nyingi kiasi kwamba aliweza kuichora gizani. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba Priscille naye ana seli.

“Mama, hajapona. Maji imemuishia mu mwili!”

“Si weye mwenyewe ulikubali tumufungie?”

“Nilikosea, mama. Siye wote tulikosea.”

Akambeba mtoto mgongoni, akakimbia. Mama na Guelord wakamfuata.

Kwenye hema la wagonjwa Prof Vital, amevaa buti za plastiki, alikuwa akikoroga dawa ya kunywa kwenye ndoo. Hakuuliza ni kosa la nani. Alimwita muuguzi, na muuguzi akatafuta mshipa mara tatu kabla ya kuupata na kutundika serumu, yaani dripu. Kwenye mkeka wa pili walikuwa wakimfunika mtoto wa kiume wa kama miaka miwili. Mama yake alikuwa akirudia, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba hakumpa hata tone, alifuata kila alichoambiwa, hata tone moja hakumpa.

Domitille alimsikia. Akakaa chini kwenye udongo.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, Priscille alikojoa.

“Amekojoa!” mama akapiga kelele kama anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto.

Prof Vital akamletea Priscille kikombe cha dawa, anywe kidogo kidogo. Geneviève akamuuliza imetengenezwa na nini.

“Kama huna pakiti hizi, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa,” Prof akasema. “Vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe. Sukari inasaidia chumvi kuingia kwenye ukuta wa utumbo, na chumvi inavuta maji nyuma yake.”

“Ni osmozi,” Geneviève akasema taratibu.

“Ni ile ile.”

Domitille akageuka. “Kumbe hii mambo iko mu kaye yenu?”

“Ndiyo, mama, mu daftari ya biolojia.”

“Na kila asubuhi munaiimbaka pale kwenye tangi, siye tukisikia?”

Geneviève akainamisha kichwa. Prof akaweka mwiko chini.

“Mama Geneviève, kosa la kwanza ni langu. Niliwapa maneno, nikadai maneno yale yale. Sikuwauliza hata siku moja kama wameyaelewa.” Kisha akamgeukia mwanafunzi wake. “Usilie kwa ajili ya jana. Ila usiseme tena kwamba unajua somo, kabla hujajiuliza linamhusu nani nyumbani kwako. Kukariri kunakupa cheti. Kuelewa ndiko kulikomleta mdogo wako hapa akiwa bado anapumua.”

“Kesho utawafundisha wamama pale kwenye maji,” Domitille akasema. “Na Kiswahili, siyo Kifaransa.”

Geneviève akatazama mahali alipokuwa amelala yule mtoto wa kiume. Mkeka ulikuwa umeoshwa kwa klorini, na mtoto mwingine alishalazwa juu yake.

“Siyo kesho, mama,” akasema huku akiinuka. “Leo.”