Using'oe Bati, Elias

Jumamosi ile nilikuwa Buswelu, kwa mkwe wangu Bernadeta. Mimi nachambua choroko, yeye anakoroga uji wa watoto. Upande wa ziwa wingu lilikuwa jeusi.

Mara mwanangu Elias akaingia uani na ngazi begani. Fundi Ngosha alimfuata na nyundo.

Elias na Bernadeta walikuwa wameachana. Kesi yao ya talaka ilikuwa mahakamani. Nyumba waliijenga kwa mkopo wa benki, na hati ina majina yao wote wawili.

"Shikamoo mama," alisema Elias bila kunitazama.

"Marahaba. Ngazi ya nini?"

"Mabati nilinunua mimi. Nayachukua. Yeye abaki na kuta zake."

"Ng'oa!" alifoka Bernadeta. "Ng'oa, watoto wako walowe!"

"Mama yao ataezeka. Si anajiita mwenye nyumba?"

Akapanda. Bati la kwanza likaanguka karibu na sufuria ya uji. Mjukuu wangu Precious akajificha nyuma yangu. Bernadeta akaishika ngazi, akaanza kuitikisa. Mwanangu yuko juu!

Nikapiga kelele: "Kitendawili!"

"Mama, sasa hivi?"

"Nimesema kitendawili!"

Tangu utoto Elias hajaweza kukikimbia kitendawili. "Haya, tega," alinung'unika.

"Wawili wanagombea nyumba. Wa tatu yuko kimya, na hati anayo yeye."

Elias aliwaza, akashindwa. "Chukua mji. Chukua Usagara."

"Mji sitaki. Shuka."

"Ni benki," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Teodora, jirani wa Bernadeta na msaidizi wa kisheria wa kata. Kelele zilimleta mbio. "Baba Precious, nyumba hii ni dhamana ya mkopo. Ukiibomoa, thamani inashuka. Deni halishuki."

"Mimi nimehamia Pasiansi. Silipi tena."

"Kuhama hakufuti sahihi yako. Msipolipa, benki inaweza kuinadi. Mtakosa wote."

Bernadeta akaiachia ngazi. "Nami nilidhani deni ni la mwanamume."

"Mlisaini wote, mama. Nendeni benki pamoja, kabla hawajawaita. Mmoja anaweza kuomba abaki na nyumba na mkopo. Benki itapima kipato chake. Ikishindikana, muiuze kwa ridhaa ya benki. Deni lilipwe, kinachobaki mgawane. Makubaliano yenu myapeleke mahakamani. Msipokubaliana, mahakama itaamua. Ila kwa sasa, malipo yasikatike."

Tone la mvua likaanguka kwenye choroko zangu. Elias aliliangalia lile tundu alilotoboa juu ya kitanda cha watoto.

"Ngosha," alisema, "nipe misumari."

Jumatatu walikwenda benki, wakakaa viti vilivyo mbali mbali. Bernadeta ana duka la vitenge. Baada ya wiki kadhaa benki ilipima kipato chake, ikakubali alipe kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Ikamwandikia Elias kwamba ameondolewa kwenye mkopo. Mahakama nayo ikaandika fungu lake na jinsi Bernadeta atakavyomlipa. Ndipo hati ikabaki na jina la Bernadeta peke yake.

Jana mvua ilipiga kweli. Lile bati limebaki na kovu, ila halivuji.

"Hodi!" Alikuwa Elias. Safari hii begani hana ngazi. Mkononi ana samaki, sato wa watoto.

"Karibu, baba Precious," alijibu Bernadeta.

Precious akamrukia. "Baba, kitendawili!"

"Tega, mwanangu," alisema Elias, akakaa.